Ngoma Haina Meza Kuu: Barua ya Wazi kwa Maafisa Utamaduni wa Wilaya

Ndugu Maafisa Utamaduni,

Nawaandikia ninyi wa wilaya na manispaa, nikamruka Waziri na Baraza la Sanaa la Taifa, kwa sababu ninyi ndio mnaotupigia simu. Mwenge ukikaribia, kiongozi akija kuzindua kisima, wafadhili wakija kukagua mradi, simu inatoka kwenu: leteni kikundi, watu kumi na wawili, muwe na sare, saa mbili asubuhi muwe mmeshafika. Tunafika. Tunakaa juani hadi saa saba. Msafara ukiingia tunapiga dakika tano, mgeni anatikisa mabega mara mbili mbele ya kamera, anakwenda zake meza kuu, nasi tunapewa soda na nauli. Sina ugomvi na soda. Barua hii inawahusu watu ambao simu yenu haikuwaita, wale mia na zaidi waliosimama nyuma ya kamba wakitutazama, ilhali wimbo ule ni wao na wanaujua kuliko sisi.

Katika ngoma mimi si sogora wala manju. Ni mpokeaji. Manju anatoa wimbo, sisi wengine tunapokea. Kazi hii haina cheo, na kwenye fomu za kusajili vikundi haina mstari wa kuijaza, ndiyo maana nadhani hamjaona inavyokufa. Mkihesabu vikundi mnaviona vipo, tena vingi, vyenye katiba, mihuri na akaunti za benki. Ripoti inakwenda mkoani ikisema utamaduni uko hai. Wapokeaji hawamo katika hesabu hiyo, na wao ndio wanaopungua.

Niwaeleze wanafanya nini, maana mtu anaweza kuipenda ngoma miaka mingi akiwa kwenye kiti asilijue hili. Manju anatoa mshororo mmoja. Watu wanapokea. Ule muda wa watu kupokea, sekunde kumi hivi, ndio muda wa manju kuvuta pumzi, kutazama nani ameingia uwanjani, na kutunga mshororo unaofuata. Anamwona shemeji aliyeahidi mbuzi akaja na kuku, anamtia humo. Anasikia kinamama wa upande wa kushoto wamebadilisha neno wakati wa kupokea, neno lenye kuchoma zaidi, anawafuata huko huko. Bei ya mchele, mwenyekiti aliyekula mchango wa barabara, binti aliyefaulu, vyote vinapita. Wimbo mmoja unakwenda nusu saa na haufanani na ulivyokuwa juzi. Wapokeaji wakikosekana, manju hana pumzi wala hana muda wa kutunga, kwa hiyo inambidi akariri. Akishakariri, huo wimbo hauna habari mpya tena. Unarudiwa tu.

Watu wanapenda kuilaumu redio, kisha televisheni, sasa simu. Nami nasema dakika tano za mapokezi zimetudhuru kuliko vyote hivyo, kwa sababu redio haikuwahi kuingia uwanjani na kumwambia manju nini cha kuimba. Dakika tano hazina nafasi ya kutunga. Tunapeleka beti mbili zilizoandikwa kwenye daftari, jina la mgeni tukiliachia nafasi. Mwaka huu linaingia hili, mwaka ujao jingine, mizani ikigoma tunaongeza "mheshimiwa". Vijana waliojiunga na kikundi miaka ya karibuni wanadhani hivyo ndivyo nyimbo za ngoma zilivyo: beti mbili, sifa, kwisha. Hawajawahi kumwona manju akimsema mtu mbele ya mtu huyo huyo, naye mwenyewe akapokea huku akicheka kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Chukueni mdundiko, ngoma ya Wazaramo, ambayo mji wote wa Dar es Salaam uliijua, hata waliokuja juzi kutoka bara. Mdundiko haukai mahali. Unaanzia nyumba yenye shughuli, harusi au mwali anayetolewa. Ngoma zinaoteshwa kwa moto wa karatasi na majani makavu mpaka ngozi ikaze, halafu msafara unaingia barabarani. Unapita mitaa, na kila kona unaokota watu: aliyekuwa anachota maji, fundi baiskeli, wanafunzi waliotumwa dukani. Unaingia na nguo uliyonayo. Mwanzoni hujui wimbo, mtaa wa pili umeshaujua kwa kuwa sehemu yako ni fupi na inarudiwa, mtaa wa tatu unapaza sauti kuliko wenyewe. Watoto walikuwa wakipotea kweli kwa kufuata mdundiko, wakaokotwa mtaa wasioujua magoti yakiwa na vumbi, na wazazi walikuwa na onyo maalumu kwa jambo hilo. Hakuna aliyeuliza nani msanii na nani mtazamaji.

Leo mdundiko unahitaji kibali. Sababu zenu nazielewa: wizi, pikipiki, ugomvi wa vijana, na yale mambo ya vigodoro vya usiku wa manane ambayo sisi wenyewe hatuyatetei. Lakini tazameni kibali kinavyofanya kazi mezani. Ofisi moja, siitaji, ilimtaka mama aliyekuwa akimtoa mwali aandike kwenye fomu idadi ya washiriki. Idadi ya watu watakaoufuata mdundiko! Mama wa watu akaandika ishirini, kwa woga. Siku ilipofika, mgambo wawili wakatembea ubavuni, na kila aliyetaka kuingia kutoka kibarazani akaambiwa hayumo. Mdundiko ukapita mtaani kama msiba wa mtu asiye na ndugu. Usiku huo huo ukumbi wa jirani, wenye leseni yake iliyotundikwa ukutani, ulifungulia spika hadi madirisha yetu yakatetemeka, na hakuna aliyeuliza waliomo ni wangapi. Macho ya ofisi zetu yamezoea hivyo: sauti ya mashine ni biashara, ya watu ni mkusanyiko.

Na mikusanyiko hiyo imelifanyia taifa hili kazi kubwa. Mwaka 1955, TANU ikiwa na umri wa mwaka mmoja, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliuliza wanawake wa chama wako wapi. Hawakuwapo wa kutajika. Aliyetafutwa ni Bibi Titi Mohamed, na kabla ya siasa Bibi Titi alijulikana Dar es Salaam kwa sauti yake: alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuanza kwa kugonga mlango mmoja mmoja. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake, akazungumza na viongozi wao, nao wakaja na wanachama wao. Kwa muda mfupi wanawake wakaingia TANU kwa maelfu. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyekaa na Bibi Titi na wenzake na kuandika habari zao, ameonyesha jinsi vikundi hivyo vilivyokuwa tayari vimewafundisha wanawake wa makabila mbalimbali kukaa pamoja, kuchanga, kuchagua viongozi na kusafiri kutembeleana. Chama kilikuta kazi imeshafanywa.

Vikundi vya namna hiyo havikuwa vigeni pwani. Vyama vya ngoma vilikuwapo Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja. Kulikuwa na lelemama za kinamama. Kulikuwa na ngoma za beni, za Marini na Arinoti, zilizotoka pwani zikafika bara wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, zenye majenerali, makingi na makwini wa mchezo, huku mtu akifiwa chama kinazika kweli. Terence Ranger aliziandikia kitabu kizima, kikatoka mwaka 1975. Unguja, Ikhwani Safaa imekuwapo tangu 1905. Mwanachama wa chama cha namna hiyo hakujiunga ili apande jukwaani. Wengi hawakuwahi kupanda. Walikuja jioni kukaa, kuimba, kusikia habari, kulipa mchango, kurudi nyumbani wamechoka vizuri.

Sasa nije kwenye mahali ambapo nadhani sisi kama taifa tulipinda. Desemba 1962, Rais Nyerere akiunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliliambia Bunge jambo lililowauma wasomi wa wakati ule: kwamba wengi walijua kucheza rumba na chachacha, lakini ni wangapi walioweza kucheza, au hata waliowahi kusikia, gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama? Swali lilikuwa sahihi na lilituhusu sote. Aliuliza kwa nini hatuchezi. Jibu lililokuja ni kututafutia watu wa kutuchezea. Katika miaka hiyo ya 1960 likaundwa kundi la ngoma la taifa. Sindimba ya Wamakonde ikatolewa kwenye shughuli zake za kusini, ikafupishwa, ikapangwa mistari, ikawa ngoma ya kila shule na kila sherehe ya kitaifa. Mwaka 1981 kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Sikidharau chuo hicho hata kidogo. Wapiga ngoma na wachezaji hodari waliotoka pale wameitangaza nchi hii, na bila wao baadhi ya midundo ingekuwa imepotea kabisa. Ila chuo kinazalisha wajuzi, na wajuzi hatukuwahi kuwakosa. Mtu wa kawaida mwenye sauti ya kawaida aliyekuwa na haki ya kuingia, huyo ndiye tuliyemwacha nje. Kidogo kidogo akaamini kwamba ngoma ni kazi ya wenye kipaji na sare.

Mashindano yenu nayo yanamfundisha hivyo hivyo. Meza ya majaji, karatasi za alama, kengele ya muda: mavazi alama kadhaa, mpangilio wa jukwaa alama kadhaa. Ya mashuleni ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa mwalimu huchagua watoto kumi na watano wenye miili myepesi, na mamia waliobaki hujifunza kupiga makofi. Lakini ushindani si adui wa ngoma. Nendeni Usukumani. Wagika na Wagalu wanashindana tangu karne ya 19, wakifuata nyayo za manju wawili waliokuwa pia waganga, Ngika na Gumha, na hadi leo ukienda Bujora, Kisesa, msimu wa Bulabo mwezi Juni utakuta mashindano hayo yana jina na uwanja. Desturi yao ya kuamua mshindi ni hii: makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wanakwenda wanakovutwa. Aliyejaza watu ameshinda. Ndiyo maana manju wa kule wanajulikana kwa kutafuta dawa za mvuto, na kwa kuleta vituko vya kila aina, nyoka wakiwamo, na kwa kutunga nyimbo zenye habari za moto. (Dawa siwezi kuithibitisha. Nyoka nimewaona.) Pale jaji ni miguu ya watu. Kikundi kinachocheza vizuri bila kuwagusa waliokuja kinashindwa hadharani, na hakuna rufaa.

Kuna nyimbo ambazo siombi zirudi. Nyimbo za kutwanga zilikufa mashine ya kusaga ilipoingia kijijini, na sijakutana na mama anayetaka kurudi kwenye kinu kwa ajili ya wimbo. Nyimbo za kulima kwa jembe la mkono, za kuvuta jahazi, za kubeba mizigo, kazi zake zimekwisha au zimepungua, nazo zimekwenda na kazi. Sawa. Harusi lakini hazijaisha. Misiba haijaisha. Watoto bado wanazaliwa. Shughuli zipo, tena zimekuwa kubwa na ghali kuliko zamani, ila sauti imekodishwa. Anakuja mshereheshaji na kipaza sauti, anawaambia watu lini wapige vigelegele, na wimbo unatoka kwenye kompyuta ya DJ ukiwa umeshaimbwa na kuitikiwa humo humo ndani. Shangazi wa bwana harusi, aliyekuwa na nyimbo za ukoo kichwani, amekaa kiti cha plastiki anasubiri zamu ya meza yake kuchukua chakula.

Mtu asinijibu kwamba Watanzania hawataki tena kuimba pamoja. Siku ya Simba na Yanga, uwanja wa Benjamin Mkapa unajaa watu sitini elfu na hakuna aliyewafundisha sauti. Kanisani waumini wanafungua Tenzi za Rohoni na kila mtu anaimba, mwenye sauti na asiye nayo. Kwenye maulidi watu wakipokea, msikiti unatikisika. Na nendeni uswahilini kwenye singeli, mtoto wa mchiriku aliyetokana na ngoma hizi hizi za Wazaramo: mwimbaji anataja majina ya waliosimama mbele yake na vijana wanapokea kwa nguvu zote. Wazee wenzangu hawapendi nikisema hivi, lakini kijana wa singeli yuko karibu na manju wa kale kuliko sisi tunaopokea misafara kwa beti mbili za daftari. Anamtazama mtu, anatunga.

Kwa hiyo ombi langu si fedha, au si fedha kwanza. Ni kile kibali cha ngoma. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na ninyi ndio mnaoandaa maandiko ya idara yenu. Andikeni kwamba ngoma au wimbo usiotumia spika hauhitaji kibali wala ada kuanzia asubuhi hadi saa tano usiku, taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa inatosha. Si jambo la kutisha. Uingereza na Wales waliwahi kujikwaa hapa: sheria yao ya leseni ya mwaka 2003 iliwabana hata watu wachache wanaokutana kwenye chumba cha baa kuimba nyimbo za asili, mmoja akiongoza na wengine wakipokea, mpaka ikabidi mwaka 2012 watunge sheria nyingine. Muziki usiokuzwa kwa mitambo ukaachiwa huru kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano usiku, bila leseni. Nchi haikuporomoka. Sisi ambao ngoma tunaiita utambulisho wetu kwenye kila hotuba hatuwezi kuwa wagumu kuliko wao.

La pili ni viwanja. Ngoma ya watu wengi haichezwi sebuleni. Kila mtaa ulikuwa na kipande cha ardhi kilichoachwa, chenye mwembe au mnazi, na mwaka baada ya mwaka vipande hivyo vinakuwa gereji, maegesho, fremu za maduka. Mkikaa kwenye vikao vya mipango miji, na najua huwa mnaitwa mwisho na kusikilizwa mwisho kabisa, semeni kwamba uwanja ule una kazi.

Kuhusu simu zenu: endeleeni kupiga, lakini badilisheni mnachoomba. Msiombe watu kumi na wawili. Waambieni watu wa mahali pale waje saa moja kabla, wajifunze kupokea, na mgeni akifika akute wimbo umeshapamba moto bila yeye, aingie akiweza. Mpeni naye sehemu ya kupokea. Atapoteza dakika kumi za ratiba, na pengine atasemwa kidogo. Viongozi wa enzi za lelemama walisemwa sana na hawakupungukiwa kitu. Zile kamba mnazofunga kati yetu na watu, kama ni za usalama, zifungeni mbali zaidi. Na nauli mnayotupa, nusu yake iwe ya jioni za mazoezi, zilizo wazi kwa yeyote, kwa kuwa mtu hujifunza kupokea mazoezini, miezi kabla ya sherehe.

Tamasha la Utamaduni la Kitaifa, lililofanyika Songea mwaka 2024 na mahali pengine kabla ya hapo, najua linawachukua muda mwingi wa maandalizi. Siombi lifutwe. Naomba usiku mmoja wa tamasha usiwe na majaji, jukwaa wala orodha ya vikundi. Ngoma za mikoa mbalimbali ziwekwe chini, mabingwa waanze, na watu waachwe. Mtaona mambo mawili. Kwanza, nusu saa ya mwanzo itakuwa ya aibu, watu wamesimama wameshika simu wakirekodi, wakisubiri waambiwe. Msiwaokoe. Msimpe mshereheshaji kipaza sauti. La pili mtaliona wenyewe mkivumilia.

Kikundi chetu kinafanya mazoezi Jumamosi alasiri, na mnajua kilipo kwa kuwa namba yetu mnayo. Mkija, njooni bila barua ya ziara.

Wenu,
Mpokeaji, Temeke

Nakala kwa:
Mtendaji wa Kata
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Mama mwenye mwali, ambaye mwaka huu anamtoa wa pili na ameacha wazi sehemu ya idadi